Nani Atamsemea Mnyama Mahakamani?

Mhadhara kwa wakazi wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa



Mada niliyopewa ni watetezi wa haki za wanyama na namna vyombo vya haki vinavyowatendea. Najua ikitajwa hivyo wengi huona Ulaya: vijana wenye mabango nje ya maabara, au watu waliojifunga minyororo kwenye geti la machinjio. Mtu wa Ipinda au wa Matema atauliza: hiyo inatuhusu nini sisi? Sisi ni watu wa mpunga na kokoa. Ng'ombe kwetu ni mahari, ni nyama ya msiba, ni maziwa ya mtoto. Samaki ni kitoweo na ni ada ya shule. Nani kati yetu ana nafasi ya kudai haki za ng'ombe na huku za kwake bado hajazipata?

Swali hilo ni la halali, na sitalikwepa. Mnyama hafungui jalada polisi, hatoi ushahidi, hakati rufaa. Chochote ambacho sheria imemwahidi, lazima kipite kwa binadamu. Kwa hiyo haki ya mnyama haiwezi kuwa imara kuliko haki ya watu wawili: anayesimama kumsemea, na anayeshtakiwa kwa kumdhuru. Ukimdhulumu mmoja wa hao, mnyama naye hatapona. Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo. Yatakayofuata ni ushahidi wake.

Sheria iliyokuja na meli

Tuanzie hapa ziwani. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walileta meli vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, wakaiunganisha na kuiingiza Ziwa Nyasa. Waliipa jina la Hermann von Wissmann. Ndiyo meli ile iliyoshambuliwa na Gwendolen ya Waingereza mwezi Agosti 1914 kule Liuli, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza.

Mwenye jina hilo ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1896, na mwaka huohuo alitoa amri ya kusimamia uwindaji katika koloni zima. Amri ile ilileta leseni, ada, na maeneo ambayo uwindaji ulizuiwa. Eneo mojawapo lilikuwa upande wa Rufiji, na ndilo chimbuko la Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sisemi amri ile haikuokoa mnyama hata mmoja. Biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kuwamaliza tembo katika sehemu nyingi, na gavana aliliona hilo. Lakini tazameni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mwenyeji aliyewinda kwa mkuki na mtego ili watoto wale, au ili kulinda shamba, alilala mwindaji akaamka mhalifu. Mgeni mwenye bunduki na fedha za leseni aliendelea kuwinda kwa kujifurahisha, sheria ikimlinda. Hivyo ndivyo kulinda wanyama kulivyoingia katika kumbukumbu za kisheria za nchi hii: kama amri ya mtawala dhidi ya raia. Mtu wa kijiji hakuulizwa, ingawa yeye ndiye aliyeishi na wanyama hao.

Tena si kwamba hapa hapakuwa na utamaduni wa kumjali mnyama. Monica na Godfrey Wilson, watafiti walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika habari za nyumba ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Wazee waliomo humu hawahitaji kitabu kuwaambia hayo. Ng'ombe alikuwa na jina, na mchungaji aliyempiga ovyo alijibu kwa baba yake. Kilichokuwa kigeni ni namna ya kumlinda mnyama kwa kumdhalilisha mtu.

Namna hiyo haikwisha bendera ziliposhushwa. Majirani zetu wa Mbarali wanakumbuka miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu ili kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, na ng'ombe wengi wakafia njiani. Kisha ikaja Operesheni Tokomeza Ujangili, Oktoba 2013. Sababu yake ilikuwa ya kweli kabisa: hesabu za Serikali zilionyesha kuwa tembo wa Tanzania walishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Nchi ilikuwa inaporwa. Lakini operesheni ilipofika vijijini, raia waliteswa, wengine walipoteza maisha, na mifugo ikapigwa risasi. Bunge lilichachamaa, kamati iliyoongozwa na James Lembeli ikaleta taarifa yake, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne wakaondoka madarakani: wa Maliasili, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi, na wa Mifugo.

Mnaona nani yumo katika orodha hiyo? Waziri wa Mifugo. Kazi iliyoanzishwa kwa jina la mnyama mmoja ilimwangusha waziri wa wanyama wengine. Na aliyebaki kijijini akitaka kumtetea tembo au kiboko baada ya hapo, majirani walimtazama kama jicho la Serikali. Mtetezi wa kwetu anaanza kazi akiwa amebebeshwa deni ambalo hakulikopa.

Je, mtetezi anasikilizwa?

Sasa twende kwenye sheria. Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19. Watu wengi hawaijui, hata baadhi ya wanaopaswa kuisimamia. Sheria hiyo inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia. Inakataza kumpiga kikatili, kumbebesha mzigo unaomzidi, kumsafirisha kwa namna ya kumtesa. Imeweka wakaguzi, na imeunda baraza la kuishauri Serikali.

Simameni barabara ya kutoka Kyela mjini kwenda Kasumulu siku yoyote ya soko. Mtaona nguruwe aliye hai amefungwa kwa kamba za mpira juu ya bodaboda, kichwa kinaning'inia upande mmoja na miguu upande mwingine, anapelekwa kuwa kitimoto. Mtaona kuku wametundikwa kwenye baiskeli miguu juu, jua la saa saba likiwachoma. Watoto wetu wanapita hapo wakienda shule na hawaoni ajabu. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Methali inamsuta mtu mwenye kuumiza wengine asiyetaka kuumizwa yeye. Lakini huyo nguruwe mwenyewe, nani amewahi kumwuliza kuhusu mkuki?

Tuseme kijana mmoja wa hapa ameamua kuuliza. Ameona, ameudhika, anakwenda kituoni. Ofisa wa zamu ana kesi ya ubakaji, ana kesi ya wizi wa pikipiki, ana mahabusu wawili wa ugomvi wa shamba. Kijana anasema amekuja kushtaki juu ya nguruwe. Ataambiwa nini? Mara nyingi atachekwa, kisha ataambiwa aende kwa bwana mifugo. Bwana mifugo ana kata nzima, na pikipiki yake haina mafuta. Huko ndiko sheria yetu nzuri ya 2008 inakofia: inaishia kaunta, wala haimfikii hakimu.

Na bado mlango upo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu mtu yeyote mwenye sababu ya msingi ya kuamini kuwa kosa limetendeka kupeleka lalamiko kwa hakimu. Uingereza ilianza hivyohivyo. Mwaka 1822 mbunge Richard Martin alipofanikisha kupitishwa kwa sheria ya kuzuia ukatili kwa mifugo, hapakuwa na ofisi ya kuisimamia. Yeye mwenyewe alikuwa akiwapeleka watu mahakamani, magazeti yakimchora na kumdhihaki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1824, kikaundwa chama cha kufanya kazi hiyo, ambacho kipo mpaka leo. Kwetu mashirika ya ustawi wa wanyama kama TAWESO yamejikita zaidi katika matibabu na elimu. Hiyo ni kazi njema. Ila ya mahakamani bado ni changa.

Mfano mkubwa wa mtetezi kusikilizwa tunao katika ukanda wetu. Mwaka 2010 Serikali yetu ilikuwa na mpango wa barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti, kama kilomita 53 ndani ya hifadhi, katika njia ya nyumbu wanaohama. Shirika la kutetea ustawi wa wanyama la Nairobi, African Network for Animal Welfare, lililoanzishwa na Josphat Ngonyo, lilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Serikali ilisema mahakama haina mamlaka na jambo hilo. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikakataa pingamizi hilo, kesi ikaendelea. Tarehe 20 Juni 2014 hukumu ikatoka: mpango ule wa awali wa lami unakiuka mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na usitekelezwe. Mahakama haikuwaamuru watetezi kulipa gharama, wala haikuiamuru Serikali; kila upande ulibeba zake.

Serikali ilikata rufaa na mabishano ya kisheria yakaendelea hadi 2015. Nisichotaka mkisahau ni hiki: kwa muda wote huo watetezi hawakuitwa wasaliti na mahakama, hawakutakiwa kuonyesha ni nyumbu yupi wa kwao. Mkataba wa Jumuiya unampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kufika pale, mradi awahi ndani ya miezi miwili.

Nyumbani mambo yamekuwa na milima na mabonde. Ibara ya 27 ya Katiba inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasilia ya nchi. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba na sheria zihifadhiwe. Katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila ya mwaka 1993, Jaji Lugakingira aliusoma mlango huo kwa upana: raia anaweza kusimama kwa ajili ya umma. Lakini mwaka 2020 Bunge lilibadili Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likamtaka mwombaji aape kwamba jambo analolalamikia limemgusa yeye binafsi. Watetezi wa haki za binadamu walikwenda mahakamani kuyapinga mabadiliko hayo, na walikuwa na sababu. Sharti la namna hiyo likitawala, anayesema kwa niaba ya wengine atakuwa wa kwanza kufungiwa nje. Na nani anasema kwa niaba ya wengine kuliko anayemsemea asiye na ulimi?

Je, mtetezi analindwa?

Usiku wa tarehe 16 Agosti 2017, Wayne Lotter alikuwa katika teksi akitoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Maeneo ya Masaki gari lake lilizuiwa, akapigwa risasi, akafa. Alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini na mmoja wa waanzilishi wa PAMS Foundation, shirika lililofanya kazi na askari wa vijiji na kuisaidia timu ya taifa ya kuchunguza makosa makubwa. Timu hiyo ndiyo iliyomfuatilia Yang Fenglan, mwanamke Mchina aliyekuja nchini mwaka 1975 akiwa mkalimani katika ujenzi wa TAZARA, reli inayopita mkoani kwetu hapa, na ambaye magazeti yalikuja kumwita Malkia wa Pembe za Ndovu. Alikamatwa mwaka 2015. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15 jela pamoja na Watanzania wawili kwa biashara ya meno zaidi ya 800. Lotter hakuishi kuiona siku hiyo.

Kesi ya mauaji yake ilichukua zaidi ya miaka mitano. Desemba 2022 Mahakama Kuu Dar es Salaam iliwatia hatiani watu 11 na kuwahukumu adhabu ya kifo. Wengine watasema: basi haki imetendeka. Mimi nasema mahakama ilifanya kazi yake baada ya maiti. Mtu huyo alikuwa amekwisha kupokea vitisho kabla ya kuuawa. Swali la haki ya mtetezi huulizwa siku ya kitisho, si siku ya hukumu.

Tusidhani ni mkosi wa mtu mmoja. Joan Root, mpiga filamu aliyepigania Ziwa Naivasha la Kenya dhidi ya uvuvi haramu, alipigwa risasi nyumbani kwake Januari 2006; washtakiwa waliofikishwa mahakamani waliachiwa huru mwaka uliofuata. Hadithi ya Root naitaja kwa makusudi mbele ya wavuvi. Yeye hakufia tembo. Alifia samaki na ziwa.

Nasi tuna ziwa, na tuna samaki wetu mbasa. Kila mwaka mvua zikijaza mito, mbasa huacha maji ya kina na kupanda Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kwenda kutaga. Kila mvuvi hapa anajua kwamba ukiziba mdomo wa mto kwa nyavu siku hizo, umevua mama na watoto na wajukuu kwa mkupuo mmoja. Mbasa yupo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake zinakataza nyavu za macho madogo, sumu, na kuziba njia ya samaki, na zimeweka vikundi vya wavuvi wenyewe, BMU, kulinda mialo yao.

Lakini mwanachama wa BMU anapomwona mtu akitega kokoro mdomoni mwa Mbaka, anamwona nani? Anamwona shemeji yake. Anamwona aliyemkopesha mpunga msimu uliopita. Akienda kwa bwana samaki na jina likavuja, kesho kutwa mtumbwi wake utakutwa umetobolewa, nyavu zimekatwa, na msibani hatapewa kiti. Ataitwa mchongezi. Hakuna bunduki hapo, hakuna gazeti litakaloandika, na mtetezi amekwisha kunyamazishwa.

Kwa watu hao kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda mtu anayetoa taarifa ya kosa kwa nia njema na kwa njia sahihi, na inakataza kumlipizia kisasi. Ni sheria nzuri, lakini niulize: ni mialo mingapi ya mwambao huu ambako imewahi kusomwa kwa sauti? Ni ofisa gani amewahi kuadhibiwa kwa kumtaja mtoa taarifa akiwa kilabuni? Ulinzi wa kwanza wa shahidi hauhitaji walinzi wenye silaha. Unahitaji mtumishi wa umma anayejua kufunga mdomo.

Je, mshtakiwa anatendewa haki?

Hapa baadhi ya watetezi hawatafurahi nami. Mtetezi wa wanyama akiishia kushangilia kila kifungo kirefu, amepotea njia.

Chukueni kisa cha mpakani kwetu. Mei 2013 kaskazini mwa Malawi, katika barabara itokayo Songwe kwenda Mzuzu, lilikamatwa lori likiwa na vipande 781 vya meno ya tembo, tani 2.6, vilivyotoka Tanzania, vimefichwa chini ya saruji. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Mzuzu iliwatia hatiani ndugu wawili. Adhabu? Faini ya kwacha milioni 2.5 kila mmoja, au miaka saba kwa asiyelipa. Mzigo ule ulikuwa na thamani kubwa mara nyingi zaidi ya faini, basi walilipa. Meno yenyewe yalizusha mvutano wa nchi mbili, Malawi ikitaka kuyachoma na Tanzania ikitaka yabaki kwa ajili ya ushahidi, mpaka yalipochomwa Machi 2016.

Wanaharakati wa Malawi hawakuvunja vioo. Waliingia mahakamani na madaftari. Walikaa nyuma, wakaandika kila kesi, kila adhabu, kila jalada lililopotea, wakalipeleka lundo hilo kwa wabunge na majaji. Mwaka 2017 sheria ikabadilishwa: kifungo mpaka miaka 30 kwa makosa makubwa, bila njia ya faini. Kenya walitangulia kwa njia hiyohiyo. Shirika la WildlifeDirect la Paula Kahumbu lilipitia kesi za 2008 hadi 2013 na kukuta kwamba katika makosa yahusuyo tembo na vifaru, ni asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani waliokwenda jela. Tangu hapo waangalizi wao wamekuwa wakikaa mahakamani, na mahakimu wanajua wanatazamwa.

Ila Kenya inatufunza na upande wa pili. Mshtakiwa aliyekamatwa kule Dar es Salaam Desemba 2014 kwa shehena ya meno ya Mombasa alihukumiwa miaka 20 mwaka 2016, watetezi wakapiga vigelegele. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa sababu ushahidi ulikuwa na kasoro. Mwenye hasira atamlaumu jaji. Mwenye akili ataulizia vielelezo vilitunzwaje.

Kwetu ni vivyo hivyo. Kosa la nyara za Serikali likishtakiwa kama uhujumu uchumi, kifungo ni miaka 20 hadi 30. Mtu masikini aliyekutwa na kilo chache za nyama ya kiboko anaweza kusimama chini ya adhabu ileile inayomkabili mwenye kontena. Kwa kuwa nyama huoza, polisi huomba hakimu aamuru iteketezwe. Mahakama ya Rufani imesema wazi kwamba mshtakiwa lazima afikishwe mbele ya hakimu huyo na asikilizwe kabla nyama haijateketezwa. La sivyo hati ya uteketezaji haina nguvu. Kesi zimeanguka kwa kosa hilo moja. Mpelelezi aliyeruka hatua akidhani anamwonea jangili, kwa kweli alimwonea mnyama, maana jangili alitoka.

Mtetezi akivuka mstari

Kuna watetezi wanaovunja sheria kwa makusudi, na ni lazima niseme neno. Marekani mwaka 2006 ilipitisha sheria inayowaita magaidi wale wanaoharibu au kutishia biashara za wanyama, na mwaka huo viongozi wa kampeni moja dhidi ya maabara ya Huntingdon wakatiwa hatiani. Uingereza nako viongozi wa kampeni hiyohiyo walifungwa, mmoja wao miaka 11, kwa sababu walitisha familia za watu. Hapo sina huruma nyingi: kumtishia mtoto wa mfanyakazi ili kumwokoa panya wa maabara ni ukatili uleule umebadili anuani.

Lakini Oktoba 2022 baraza la wazee wa mahakama kule Utah liliwaachia huru wanaharakati wawili waliochukua vitoto viwili vya nguruwe, wagonjwa, katika shamba kubwa. Mwaka uliofuata, California, mmoja wa hao wawili alitiwa hatiani kwa kisa kinachofanana na hicho. Jamii ya kule bado inapima. Ninachojifunza ni kwamba ugaidi ni ugaidi, na kuingia zizi la mtu bila ruhusa ni kuingia zizi la mtu bila ruhusa. Sheria inayochanganya hayo mawili humgeuza mtu mwenye huruma kuwa mtu mwenye kisasi.

Vijana wa hapa wenye simu, nawausia: ukiona ukatili, piga picha, andika saa na mahali, peleka kituoni na kwa bwana mifugo, chukua namba ya taarifa. Usianze kwa kurusha mtandaoni uso wa mtu na kumwita muuaji. Utajikuta wewe ndiye mshtakiwa, na mnyama amebaki palepale.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne, yote ya hapa wilayani, yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, halmashauri ihakikishe kila kata ina mkaguzi wa ustawi wa wanyama anayejulikana kwa jina, na kituo cha polisi kiwe na karatasi ukutani inayosema malalamiko hayo yanapokelewaje. Vyama vya bodaboda viingizwe mapema: kreti ya kubebea nguruwe huchongwa na fundi wa kawaida, na elimu itangulie faini.

Pili, kila BMU na bwana samaki wake wakubaliane njia moja ya siri ya kutoa taarifa, na atakayelitaja jina la mtoa taarifa aondolewe.

Tatu, shule zetu za sekondari ziunde vikundi vya kuhudhuria mahakama. Mahakama iko wazi kwa umma. Wakae nyuma kwa adabu, waandike: kosa, muda wa kesi, adhabu, kama mshtakiwa alisikilizwa. Baada ya misimu michache tutakuwa na daftari la kumwonyesha mbunge.

Nne, wanasheria wa Mbeya wanaojitolea kwa watu wasiojiweza waikubali pia kesi ya masikini wa nyama ya kiboko. Anayemtetea mtu huyo asikilizwe ipasavyo hajawa adui wa wanyama. Anailazimisha Jamhuri imtafute mwenye kontena.

Nilianza na swali la mtu wa Matema: nitadaije haki za ng'ombe wakati zangu sijazipata? Jibu langu ni kwamba hazidaiwi kwa foleni, za mtu kwanza na za ng'ombe baadaye. Polisi atakayejifunza kumwandikia taarifa aliyekuja kwa ajili ya nguruwe hatamfukuza mjane aliyekuja kwa ajili ya shamba. Hakimu atakayekataa ushahidi uliopatikana kwa kumwonea mshtakiwa wa ujangili atakukatalia na wewe ushahidi wa namna hiyo siku utakaposimama kizimbani. Kaunta ni ileile, na hakimu ni yuleyule.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa wavuvi waanze.